Bonde la Ruvu Liko Chini ya Sheria Gani?

Mwezi wa kumi, ukitoka Makofia, Bagamoyo, kwa barabara ya Msata ukashuka hadi daraja la Ruvu, bonde linakuwa limekauka. Udongo mweusi umepasuka nyufa, mabua ya mpunga yamelala, na ng'ombe wanamalizia majani ya mwisho. Huo ndio msimu wa madalali. Ekari ya "bondeni, udongo mzuri, maji karibu" inatajwa kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi aliyefika asubuhi kutoka Dar es Salaam anaoneshwa mto kwa kidole: ule pale, mbali kidogo, wala hautakusumbua. Akirudi mwezi wa nne hahitaji kuoneshwa. Maji yameshapanda na ekari yake imo ndani yake.

Swali linalofuata huwa la kisheria, na huulizwa kwa kuchelewa: je, eneo lile liliuzika? Limelindwa? Na kama limelindwa, mbona watu wanalima, wanachunga na wanajenga?

Majibu yametawanyika. Kuna sheria ya ardhi, ya mazingira, ya maji, ya misitu, ya wanyamapori, ya hifadhi za taifa, ya vijiji, na juu yake kuna mkataba wa kimataifa. Anayesema Tanzania haina sheria ya kulinda ardhi oevu hajazisoma. Ugumu uko mahali pengine. Karibu kila mojawapo inalinda kitu chenye mpaka: hifadhi iliyotangazwa, msitu wenye vigingi, ukanda wa mita sitini kando ya mto. Bonde la nyika halina mpaka wa namna hiyo. Linapanuka masika, linasinyaa kiangazi, na sehemu yake kubwa ndiyo inayoangukia katikati ya sheria hizo zote.

Maana ya ardhi oevu ni pana kuliko tunavyodhani

Wengi tukisikia ardhi oevu tunafikiria matete na vyura. Mkataba wa Ramsar, uliosainiwa tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, unaenda mbali zaidi. Unahesabu mabwawa, vinamasi na maji ya aina zote, ya asili au ya kuchimbwa, ya kudumu au ya msimu, yaliyotuama au yanayotiririka, matamu, ya magadi au ya chumvi, pamoja na bahari pale ambapo kina chake maji yakitoka hakizidi mita sita. Kwa kipimo hicho, akina mama wa Mlingotini wanaofunga mwani kwenye maji ya magotini wanafanya kazi ndani ya ardhi oevu. Mikoko ya Kaole imo. Mashamba ya chumvi yamo. Jaruba la mpunga limo. Na bonde la Ruvu, lililo kavu kabisa mwezi wa kumi, limo pia, kwa sababu maji ya msimu yametajwa waziwazi.

Neno hilo moja, msimu, lina uzito mkubwa kwetu. Ukanda wa pwani yetu ni nyika yenye misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ruvu inateremka kutoka milima ya Uluguru ikipokea Mgeta na Ngerengere, Wami inakuja na maji ya Mkata na Mkondoa. Mito hii ikifika tambarare ya Bagamoyo mwinuko umekwisha, hivyo mvua ikikaza huko juu maji hayana pa kukimbilia. Yanatambaa nje ya mkondo, yanatua, yanaacha tope jipya, yanazama chini taratibu. Madimbwi yanayobaki ndiyo yanayohifadhi kambale hadi mvua nyingine. Unyevu unaobaki ndio unaootesha majani wakati malisho ya juu yamekuwa vumbi. Mkulima wa mpunga, mvuvi wa mto na mfugaji wote wanaligombea bonde lilelile kwa sababu hiyo moja, kila mtu kwa miezi yake.

Ukilipiga picha bonde hili Agosti ukalionesha kwa ofisa asiyelijua, ataandika "pori lisilotumika". Maneno hayo yameshafungua milango mingi.

Ramsar haina askari

Tanzania iliingia kwenye mkataba huo mwaka 2000 na imeandikisha maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, bonde la ziwa Natron, bonde la mafuriko la Kilombero, na ukanda wa bahari wa Rufiji-Mafia-Kilwa ulioandikishwa mwaka 2004. Hakuna hata moja lililoko Bagamoyo wala Tanga. Delta ya Ruvu haimo, mdomo wa Wami haumo, mdomo wa Pangani haumo.

Kuna watu wakisikia hivyo wanahitimisha kwamba basi huku ni ruksa. Sivyo. Nchi iliyosaini imeahidi kutumia kwa busara ardhi oevu zake zote, ziwe kwenye orodha au zisiwe. Na wapo wanaokosea upande wa pili: wanadhani eneo likiandikishwa Ramsar watu hufukuzwa siku hiyohiyo. Mkataba hauna faini, hauna kituo cha polisi, na hauwezi kumshitaki mtu aliyeweka pampu mtoni. Unaweka ahadi, kisha nchi inatakiwa kuitafsiri ahadi hiyo katika sheria zake. Kuandikishwa kunaleta macho ya dunia na wakati mwingine fedha za mradi. Nguvu ya kumzuia mtu inatoka Dodoma, inatoka halmashauri, na mara nyingi inatoka kwenye mkutano wa kijiji.

Mstari wa mita sitini

Tuanze na sheria ambayo dalali anaijua nusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo, ndani ya mita sitini kutoka ufukwe wa bahari, mwambao wa ziwa, ukingo wa mto, bwawa au lambo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo ina katazo lake la mita sitini kwa vyanzo vya maji. Waziri anaweza kutoa miongozo kuhusu shughuli zipi zifanyike humo na kwa namna gani, hivyo katazo lina milango yake, lakini mlango huo haufunguliwi na mwenyekiti wa kitongoji wala na risiti ya mauziano.

Mita sitini zinahesabika vizuri kwenye mto wenye kingo. Lakini Ruvu ya chini ina kingo za lini? Ukipima Septemba, ukingo ni ule mteremko wa udongo kando ya mkondo, na mita sitini zinaishia kwenye mashamba ya mboga. Ukipima Aprili kwenye mwaka wa mvua kubwa, mto una upana wa bonde zima na mita sitini zinaanzia kwenye mwinuko ambako watu wamejenga nyumba za tofali. Ofisa anayekuja kupima huwa anakuja kiangazi, barabara ikipitika. Kwa hiyo, kwa mazoea zaidi kuliko kwa kusudi, ukanda unaolindwa ni mwembamba, na sehemu inayozama maji kila mwaka inabaki nje yake.

Watunga sheria waliliona hilo kwa kiasi fulani. Kifungu cha 56 cha sheria hiyohiyo ya mazingira kinampa waziri mamlaka ya kutangaza eneo kuwa ardhi oevu iliyolindwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 7, inaorodhesha maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, yaani yale ambayo kuyaendeleza kunahatarisha maisha au mazingira. Orodha hiyo inataja vinamasi vya mikoko na matumbawe, ardhi oevu, visiwa vya nje, na ardhi iliyo ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto au mwambao wa ziwa. Ikishatangazwa, inahama kutoka ardhi ya jumla au ya kijiji na kuwa ardhi ya hifadhi.

Soma tena: ikishatangazwa. Kutajwa kwenye orodha hakutoshi. Kunahitajika tangazo kwenye Gazeti la Serikali, baada ya wanaokaa au kutumia eneo kupewa taarifa na nafasi ya kusema. Hapa ndipo mazungumzo mengi ya vijiweni yanapopotea njia, maana mmoja anasema "bonde ni hifadhi" na mwingine anasema "bonde ni letu tangu babu", na wote wawili wanaweza kuwa na hoja. Sheria imeruhusu bonde lilindwe. Haijasema kwamba limeshalindwa.

Mnunuzi wa ile ekari, kwa hiyo, aulize namba ya Tangazo la Serikali, kama lipo, na ramani yake. Aulize mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji husika umeiweka sehemu ile kwenye kundi gani. Na aende mwenyewe mwezi wa nne. Hilo la tatu haliko kwenye sheria yoyote, ila linaokoa fedha kuliko mawili ya kwanza.

Mikoko: pale ambapo sheria haina utata

Ukitaka kuona ardhi oevu yenye ulinzi wa wazi, shuka hadi kwenye mikoko. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali tangu zama za ukoloni, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeendeleza hali hiyo. Msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mkoko haumilikiwi na mwenye nyumba ya mbele yake, wala na hoteli iliyochonga ngazi kushukia maji. Kukata bila kibali ni kosa, hata kama mti umeota nyuma ya uzio wako.

Ulinzi huo una historia ya biashara. Boriti za Bagamoyo na za Rufiji zilibebwa na majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi, na nyumba za mji wenyewe zimesimama juu ya boriti hizohizo. Serikali za kikoloni hazikuhifadhi mikoko kwa ajili ya kamba na ndege. Zilitaka ushuru wa boriti na magome ya kupatia rangi ya ngozi. Fikra ya kuitunza kwa ajili ya bahari ilikuja baadaye. Mwaka 1987 serikali ilisimamisha ukataji wa mikoko nchini, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa usimamizi wa mikoko ya Bara, kazi kubwa ya mtaalamu wetu Adelaida Semesi, aliyeigawa misitu hiyo katika kanda: pa kuacha kabisa, pa kuvuna kwa kiasi, pa kupanda upya, na pa shughuli nyingine. Binafsi naona ndiyo njia bora ya kufikiri kuhusu ardhi oevu niliyoiona kwenye nyaraka za serikali, kwa sababu haikuanza na swali la ndiyo au hapana. Ilianza na kuuliza mti gani, mahali gani, kwa kiasi gani.

Mwenye kuijua mikoko anajua kwa nini. Mchu unakaa kule maji yanakofika bamvua tu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, na unavumilia chumvi kali. Mtumbwi unaochongwa humo ni mzuri, na kuni zake pia. Mlilana uko mbele kabisa, miguu baharini. Mkandaa ndio unaowindwa kwa nguzo na mapau. Kila mmoja una mahali pake, na kila mahali pana mchanganyiko wake wa maji ya mto na ya bahari. Hapo ndipo ulinzi wa wazi wa mikoko unapoanza kutikisika: TFS inaweza kulinda kila shina kwa sheria ya misitu na bado mikoko ikaharibika, kama maji matamu yanayoteremka kutoka juu yakipungua. Chumvi inapanda mto, aina zinazohitaji maji matamu zinarudi nyuma, na hakuna panga lililoinuliwa. Sheria ya misitu haina wa kumshitaki.

Eneo jingine lenye mkanganyiko ni lile jangwa la chumvi lililo nyuma ya mikoko, tambarare nyeupe isiyoota kitu ambako mashamba ya chumvi yanachimbwa. Kwa macho si msitu. Lakini mara nyingi limo ndani ya mpaka wa hifadhi ya mikoko, na maji yake ndiyo hayohayo. Anayechimba chumvi hapo anahitaji zaidi ya leseni ya madini: anahitaji kujua mpaka wa msitu unapita wapi, na kama mradi wake unadai tathmini ya athari kwa mazingira.

Ukivuka Wami

Kaskazini, mdomo wa Wami unaingia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Saadani ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, ikiunganishwa na iliyokuwa ranchi ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Humo nyika inafika hadi mchangani: tembo, viboko wa Wami, mikoko, na kobe wa baharini wanaotaga Madete, vyote chini ya mamlaka moja, Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kwa ardhi oevu iliyoko ndani, ulinzi ni mkali kuliko wa sheria yoyote nyingine. Hairuhusiwi kulima, kuchunga wala kuvua humo.

Ukali huo una gharama, na si haki kuuficha. Ugomvi wa mpaka kati ya hifadhi na wakazi wa Uvinje, kitongoji cha kijiji cha Saadani, umedumu miaka mingi, na msingi wake ni uleule tuliousema: mstari uliochorwa kwenye ramani na matumizi yaliyokuwapo kabla yake. Na ukali huo unaishia mpakani. Maji ya Wami yanaingia Saadani yakiwa yameshapita mashamba ya miwa na mpunga ya Morogoro, vijiji, na mitambo inayopeleka maji Chalinze. Askari wa hifadhi hana mamlaka juu ya bomba la mtu aliyeko kilomita mia moja juu ya mto.

Nani basi anayo?

Kibali cha maji ndicho chenye nguvu

Kwa maoni yangu, sheria inayolinda bonde kuliko zote ni ile isiyolitaja sana, yaani sheria ya maji. Inasema maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais anayashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye shamba la mtoni hamiliki mto. Anayetaka kuchota kwa mashine kwa ajili ya umwagiliaji, kiwanda au mradi mkubwa anaomba kibali cha kutumia maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ofisi yake iko Morogoro. Kibali kinataja kiasi, mahali na matumizi, na kinaweza kupunguzwa au kusitishwa maji yakipungua.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka ngazi: kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu, pili maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira, kisha ndipo wengine wote wagawane. Ngazi ya pili ndiyo ardhi oevu. Maana yake, kabla ya kumpa mwekezaji au skimu lita hata moja, bodi inatakiwa kujua ni kiasi gani hakiguswi kwa sababu kambale, kiboko, mkoko na kisima cha kijiji vinakitegemea. Wami ilifanyiwa tathmini ya awali ya aina hiyo mwishoni mwa 2007, ikapima mto sehemu kadhaa kutoka milimani hadi mdomoni na kuuliza kila msimu unahitaji kina gani. Jambo moja linalostahili kukaririwa kutoka kwenye elimu hii: mto haudai maji kidogo yasiyokatika tu. Unadai mafuriko pia. Bonde lisilofurika kwa miaka kadhaa linaacha kuwa oevu, hata kama mkondo wake haujawahi kukauka.

Kwenye Ruvu mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mto huu unalinywesha jiji la Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Chini, ulioko Bagamoyo, una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Oktoba 2022, mvua zilipokosekana, mto ulishuka hadi Dar es Salaam ikaingia mgao wa maji. Macho yote yakageukia juu: nani anachota, ng'ombe wangapi wako mtoni, pampu zipi hazina kibali. Bwawa la Kidunda linalojengwa Morogoro, lenye ukubwa wa mita za ujazo milioni 190, limekusudiwa kuziba pengo hilo kwa kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi. Kwa mnywaji wa Kinondoni ni neema. Kwa bonde la chini ni swali, kwa sababu bwawa likifanya kazi yake sawasawa linachukua kutoka kwenye kilele cha masika, na kilele ndicho kinachopanda juu ya bonde. Ratiba ya kufungua milango ya bwawa ni hati ya kihandisi. Kwa wakazi wa Gama na Makurunge, huku bondeni, inaweza kuwa ndiyo sheria ya ardhi oevu yenye athari kubwa kuliko zote.

Mfano wa jinsi maji yanavyokumbukwa mwishoni ni ardhi ya Razaba, ile iliyokuwa ranchi ya Zanzibar kati ya Ruvu na Wami. Zaidi ya hekta 20,000 zilitengwa kwa mradi wa sukari wa kampuni ya Kiswidi, EcoEnergy, hati ikatolewa, miaka ikapita, na mwaka 2016 serikali ikausitisha. Miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani ni maji ya Wami na wanyama wa Saadani. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo, hekta 10,000, ilipewa Bagamoyo Sugar, na kampuni ya kwanza ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, ambako mwaka 2022 Tanzania iliamriwa kulipa fidia. Unaweza kuwa upande wowote kwenye kesi hiyo, lakini mpangilio wa hatua unajieleza: swali la maji lilipaswa kujibiwa kabla ya hati. Sheria ya mazingira ndivyo inavyotaka, tathmini kwanza na mradi baadaye.

Ng'ombe wanaohamishwa huhamia kwa mtu mwingine

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu kutangaza hifadhi za ardhi oevu na imebana uchungaji katika maeneo yaliyohifadhiwa. Zaidi ya hapo, nchi yetu imetumia mara kadhaa njia ya operesheni. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu, kwa hoja ya kuokoa mto Ruaha Mkuu, na mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Kilombero.

Mifugo haikuyeyuka. Mingine iliuzwa, mingine ilikufa njiani, na mingine ilishuka kusini na pwani, ikatafuta bonde jingine lenye majani wakati wa kiangazi. Ukiuliza wakulima wa Ruvu ng'ombe walianza lini kuwa wengi, utasikia majibu tofauti, lakini jibu la sheria ni hili: kulinda ardhi oevu moja kwa kuifunga, bila kupanga majani ya kiangazi yatatoka wapi, ni kuhamishia mzigo kwenye ardhi oevu isiyo na tangazo. Na isiyo na tangazo ndiyo hii ya kwetu.

Kijiji kina kalamu

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosubiri waziri. Sehemu kubwa ya mabonde ya Bagamoyo na Chalinze iko kwenye ardhi ya vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji uwezo ambao hautumiki inavyopaswa. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi hiyo kama mdhamini. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi, ukatenga bonde kuwa ardhi ya pamoja, ukasema mpunga unalimwa kuanzia lini, ng'ombe wanashuka mwezi gani wakitokea njia ipi, na sehemu gani haiguswi kwa sababu ndimo samaki wanamosalia. Ukitungiwa sheria ndogo na kupitishwa na halmashauri ya wilaya, mpango huo una nguvu ya kisheria.

Sheria ndogo ina sifa ambayo sheria kuu haina: inaweza kufuata kalenda. Bunge haliwezi kuandika kwamba eneo la mashariki mwa mwembe linafungwa tangu maji yanapopanda hadi yanapokauka. Kijiji kinaweza. Hiyo ndiyo lugha ya bonde la nyika, ulinzi unaokuja na kuondoka na msimu.

Udhaifu wake ni mkubwa pia. Mpango unahitaji wapimaji na fedha, na vijiji vingi vinaupata mradi unapokuja na kuuacha kabatini mradi unapoondoka. Mwenyekiti anayegawa ekari za bondeni bila mkutano anavunja sheria, lakini mnunuzi akishafyeka na kujenga inakuwa kesi ya miaka. Sheria nyingi zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na kazi ya kutafsiri ni ndefu. Mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji anayetakiwa kuisimamia sheria ana haki ya kuisoma.

Serikali ikiamua kutangaza bonde la chini la Ruvu kuwa ardhi oevu iliyolindwa, njia haitakuwa fupi. Wanaolitumia lazima wapewe taarifa, wasikilizwe, na wanaopoteza ardhi walipwe. Kuhamisha ardhi ya kijiji inayozidi hekta 250 ni uamuzi wa waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano wa kijiji. Chini ya hapo, mkutano wenyewe ndio unaokubali au kukataa. Mwanakijiji asiyehudhuria mkutano huo asishangae ramani ikija imeshachorwa.

Kwa sasa, anayeona jambo bondeni apeleke kwa anayehusika, maana kupiga simu ofisi isiyo yake ndiko kunakowachosha watu. Boriti zinazopakiwa usiku ni za TFS. Pampu isiyo na kibali, au mfereji uliochepusha mto, ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kifusi kinachomwagwa kwenye kinamasi na ujenzi ndani ya mita sitini ni wa ofisa mazingira wa halmashauri, na akinyamaza ni wa NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Ng'ombe waliolala kwenye mpunga na ekari zinazouzwa kienyeji zinaanzia serikali ya kijiji. Ofisi zote zikikaa kimya, kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai, bila kulazimika kuonesha kwamba shamba lililozama ni lake.